Kilo Kumi za Mwiko

Mizani ya kliniki ya figo ilisimama pembeni ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia aliiona kabla hajamwona daktari. Mwiko alivua viatu, akavua saa, akavua na kilemba, kana kwamba kitambaa nacho kina mifupa. Akapanda. Tarakimu zikachezacheza, zikatulia.

"Tisini na sita," nesi alisema. Aliitaja kama mtu anayetaja saa, lakini Mwiko aliisikia kama hukumu.

Jina hilo alipewa na wafanyakazi wa kiwanda cha mablanketi, ambako alikuwa mpishi wa kantini mwaka wa kumi na saba sasa. Siku sita kwa wiki aliwapikia watu mia tatu na ishirini, na hakuna aliyewahi kumwona bila mwiko mkononi. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, mcheshi, mwenye kicheko kilichoshinda kelele za mashine. Siku hiyo hakucheka. Ndani ya chumba cha daktari walikuwa wanamsubiri watu wawili: mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Mwalimu na kila mtu kwa sababu alifundisha hesabu, na mke wa Mwalimu, yaani wifi yake.

Figo zote mbili za Mwalimu zilikuwa zimeshindwa kazi. Mara tatu kwa wiki alilazwa saa nne nzima kwenye mashine ya kusafisha damu, na akitoka hapo alitembea kama mtu aliyetoka kupigwa. Ndugu watatu walikuwa wamepimwa. Wawili hawakufaa. Wa tatu alikuwa Mwiko.

"Damu zenu zinapatana vizuri mno," daktari alisema. "Figo zako nzima, presha nzuri. Tatizo ni moja. Nikikutoa figo na uzito huu, hiyo moja itakayobaki itabeba mzigo wa mbili, na miaka kumi baadaye utakuja kukaa kwenye kiti cha mdogo wako. Na nusu kaputi kwa mwili mzito ina hatari zake. Ushuke hadi themanini na sita. Nakupa wiki kumi na mbili."

"Na nisiposhuka?"

Daktari alimtazama Mwalimu, kisha akarudisha macho kwenye faili. "Moyo wake umeanza kuchoka. Sipendi kumsubirisha zaidi ya hapo."

Kilo kumi, basi. Mwiko alizipiga picha kichwani: gunia dogo la sukari, lile la kilo kumi, ambalo alilibeba kila wiki kutoka stoo bila hata kuhema.

Nje, wifi yake alimshika mkono. Alikuwa mwalimu wa mazoezi katika ukumbi uliokuwa juu ya duka la rangi, mwanamke mkakamavu, mwenye mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote.

"Wifi, niachie mimi hili," alisema. "Watakuambia uhesabu kalori, usiwasikilize. Watu wanahesabu mpaka wanazeeka na matumbo yao. Adui si mafuta. Adui ni wanga na sukari. Mwili ukikosa wanga unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Utakula ushibe na bado utapungua."

"Nitakula nishibe?"

"Ushibe."

"Basi hapo umenipata," Mwiko alisema, na Mwalimu, aliyekuwa ameegemea ukuta, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wifi hakuwa na mchezo. Asubuhi mayai matatu ya kukaanga kwa siagi. Mchana nyama yenye mafuta yake na parachichi zima. Jioni samaki wa kukaanga na mboga zilizoelea mafutani. Wali, mkate, viazi na maharage vilipigwa marufuku, na hata kuonja vya kantini alikatazwa. Kazini alimwita mtunza stoo, mzee mmoja mlalamishi, aje amwonjee. Wiki ya kwanza zilishuka kilo tatu. Wifi alimkumbatia mbele ya watu ukumbini, akaruka naye. Wiki ya tatu mizani ilisoma tisini na moja na nusu.

Lakini kichwa cha Mwiko kilikuwa kinauma tangu asubuhi hadi jioni, na mdomo ulinuka hata akipiga mswaki mara nne. Akafikiri hiyo ndiyo bei yake. Ndipo majibu ya damu yakatoka.

Daktari aliyasoma akiwa amekunja uso. "Lehemu mbaya imepanda sana. Mkojo umejaa ketoni, mabaki ya mafuta yanayochomwa. Unakula nini?"

Mwiko akaeleza. Daktari hakugomba. Alichukua kalamu, akaandika kwenye faili neno moja, "Subiri," na kumtuma yeye na Wifi, aliyemsindikiza, chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe.

Huyu alikuwa mama mfupi, miwani yake imening'inia kwa uzi, na mezani kwake palikuwa na mizani ndogo ya jikoni na vijiko vya ukubwa mbalimbali. Alimsikiliza Mwiko hadi mwisho, kisha akamgeukia Wifi.

"Hujakosea yote, dada. Alipoacha sukari na mikate alipunguza kula bila kujua, na hilo ni zuri. Ila kilo nyingi za mwanzo zilikuwa maji. Wapo watu wanaokula mafuta hivyo na damu yao ikatulia. Ya wifi yako haikutulia. Na hapa hatumpimi mtu wa kuvaa gauni la harusi. Tunampima mtu atakayebaki na figo moja."

"Kwa hiyo sasa utampa karatasi ya kuhesabu kalori," Wifi alisema. Sauti yake ilikuwa imekaza. "Mwili si jiko la mkaa, mama. Mwili unaongozwa na homoni."

"Unaongozwa na homoni, ndiyo. Lakini hakuna homoni inayoweza kuumba unene kutoka hewani. Kilichoingia kimeingia."

"Wewe una mume kwenye mashine?"

Mtaalamu wa lishe alivaa miwani yake taratibu, akaivua tena.

"Sina," alisema. "Kwa hiyo sitasema najua unavyojisikia. Nitasema tu ninachokijua." Akachukua kijiko cha chakula, akamimina mafuta ya kupikia hadi ukingoni, akamsogezea Mwiko. "Hiki hapa ni kalori mia na ishirini. Mafuta si sumu, mwanangu, mwili unayataka. Lakini ni chakula kilichoshindiliwa. Gramu moja ina kalori tisa, ya wanga ina nne. Kijiko kinateleza, hukioni, hukihisi, na tayari umemeza nusu saa ya kutembea."

Akamwandikia kalori elfu moja na mia tano kwa siku, akampa daftari na kumwazima ile mizani ndogo. Kila kitu kipimwe, kila kitu kiandikwe. Wifi alitoka bila kuaga.

Mwiko alipima. Mkate vipande viwili, mia na sitini. Yai la kuchemsha, sabini na tano. Wali kikombe kimoja, mia mbili. Kichwa kikaacha kuuma na damu ikaanza kurudi mahali pake. Lakini mizani ilipanda kidogo kwanza, kwa sababu ya yale maji yaliyorudi, kisha ikashuka hadi tisini na moja, ikaganda hapo. Wiki ya sita, tisini na moja. Wiki ya saba, tisini na moja. Alipanda ngazi za kiwanda mara ishirini kila siku hadi vijana wa ghorofa ya kusuka wakaanza kumpigia makofi. Wiki ya nane, tisini na moja. Watu wa kantini walimtania: sasa chakula kimekuwa mwiko kwa Mwiko. Alicheka nao, halafu akaenda stoo, akakaa peke yake juu ya magunia.

Katikati ya wiki hiyo ya nane Mwalimu alianguka darasani. Alikuwa ameandika nusu ya mlinganyo ubaoni, akageuka kuwauliza wanafunzi swali, na pumzi ikakata. Maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Mwiko alipofika hospitali, na aproni bado kiunoni, alimkuta Wifi amesimama kwenye korido mbele ya mlango wa vioo.

"Anaendeleaje?"

Wifi hakujibu swali hilo. "Umepima leo?"

"Wifi..."

"Umepima?"

"Tisini na moja."

Wifi alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. "Mimi nafundisha watu mazoezi mwaka wa kumi na mbili. Mwili unaokula kalori elfu moja na mia tano na kupanda ngazi kila siku haugandi wiki tatu nzima. Haupo mwili wa namna hiyo. Wewe unakula. Unaandika unachotaka na unakula unachotaka."

"Naapa naandika kila sahani."

"Kama hutaki kumpa figo, sema hutaki. Tutalia, tutanyamaza. Lakini usimuue mume wangu kwa kijiko."

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walitazama sakafu. Mwiko alikwenda chooni, akashika sinki kwa mikono miwili. Kilichomuumiza hakikuwa tusi. Kilichomuumiza ni kwamba alijitafuta moyoni ili aseme "uongo," na neno hilo hakulipata upesi.

Miaka ishirini na saba nyuma, mama yao aliingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake, akiwaambia wasisahau kuanua nguo. Alitolewa amefunikwa shuka. Mwiko alikuwa na miaka kumi na saba, Mwalimu tisa. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyemwogesha, akampikia, akamsimamia hadi akamaliza chuo. Kwa hiyo aliposikia "ndugu anayefaa ni wewe," alisema ndiyo kabla daktari hajamaliza sentensi. Hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Yeye mwenyewe hakujiuliza.

Daktari aliyatoa maji mapafuni, akasogeza tarehe kwa wiki mbili ili mgonjwa apate nguvu. Jumamosi mchana Mwalimu alifika nyumbani kwa dada yake, amekonda mashavu, kalamu nyekundu mfukoni. Akaomba daftari.

Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akijumlisha kimoyomoyo. Mwiko alimwangalia kama mwanafunzi anayesubiri mtihani.

"Hesabu zako ni safi," alisema mwishoni. "Kwa namba hizi, ndani ya wiki nne ulitakiwa ushuke kama kilo mbili na nusu. Hazijashuka. Kwa hiyo kuna namba ambayo haimo humu."

"Na wewe unaniita mwongo?"

"Nakuita mpishi, dada."

Jumatatu alikuja kantini. Alikaa kwenye kreti iliyopinduliwa karibu na magunia ya maharage, daftari gotini, akamwambia afanye kazi kama kawaida. Mwiko aliona aibu kwa dakika kumi. Baada ya hapo masufuria yalimchukua. Moto wa gesi ulivuma. Alikaanga vitunguu, akaonja. Akatia nyanya, akaonja. Maharage, aliyatafuna mawili matatu kuona kama yameiva. Mchuzi chumvi, mchuzi tena, mchuzi baada ya maji. Viazi vilivyotoka kwenye mafuta, kipande kimoja kwa kila chungio, maana kiazi hakijulikani kwa macho. Wali ulipopakuliwa alikwangua ukoko wa chini, ule wa kahawia uliolowa mafuta, akautupia mdomoni huku anaamrisha sahani zipangwe. Tangu aanze kula wanga tena, hakumwita tena mtunza stoo. Mkono wake ulikuwa umerudi kwenye mazoea ya miaka kumi na saba bila kumwomba ruhusa.

Filimbi ya chakula ilipolia, Mwalimu alisimama kwa shida, akamwonyesha ukurasa. Vistari vilijipanga vitanovitano kama uzio.

"Arobaini na saba," alisema.

"Arobaini na saba nini?"

"Mara ambazo mwiko umekwenda mdomoni. Nimepima onjo lako moja la mchuzi, viazi na ukoko nimevikadiria kwa upole. Kalori mia sita na hamsini, dada. Kila siku ya kazi, kabla hujala chakula chako cha mchana."

Mtunza stoo, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akaangua kicheko. "Kumbe mwizi ni mwiko!" Mwiko naye akacheka, akacheka sana, hadi kicheko kikapinda njiani na kugeuka kilio. Mtunza stoo akajiondokea taratibu na kuurudisha mlango.

"Mchuzi sikuujua," Mwiko alisema akijifuta kwa aproni. "Wallahi mchuzi sikuujua. Ni kazi. Lakini ukoko... ukoko niliujua. Kila siku nilikuwa najiambia, huu si chakula, huu ni makombo. Mdogo wangu, naogopa. Naogopa ile dawa ya usingizi. Nikifumba macho namwona mama."

Mwalimu alikaa tena kwenye kreti.

"Mimi naogopa zaidi," alisema. "Nakuogopea wewe. Tangu siku ya kwanza nimetaka kukuambia usifanye, na kila nikitaka kusema, nafikiria mashine, nanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku zote hizi. Kwa hiyo leo nakuambia: usipotaka, sitakuchukia."

"Usiseme hivyo."

"Lazima mmoja wetu aseme."

Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya Mwiko kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ni sharti kwa kila anayetoa figo, na huingia peke yake. Ofisa alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya chini, na aliufunga mlango mwenyewe.

"Hapa hakuna mtu wa familia," alianza. "Nikuambie kitu ambacho huenda hujui. Ukiamua kuacha, tutawaambia ndugu zako neno moja tu: hakufaa. Hatutaji sababu."

"Hata mdogo wangu hatajua?"

"Hata yeye. Na kwako wewe hata hatuhitaji kutafuta neno. Uzito wako peke yake unatosha. Usipofika themanini na sita, mambo yanaishia hapo, na hakuna atakayeuliza."

"Nina muda gani wa kuamua?"

"Mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hata ukiwa umeshalazwa kitandani."

Nje ya lango la hospitali kulikuwa na kibanda cha vitafunio chenye kabati la kioo. Mwiko alinunua keki moja, nzito, inayong'aa siagi, akaenda kukaa kwenye benchi la kituo. Akaiweka mapajani. Hakuwa na njaa hata kidogo. Hii moja na nyingine kesho, na ukoko keshokutwa, na ndani ya wiki tano angekuwa amekwisha kukataa bila kufungua mdomo. Wifi angemlaumu, ndiyo, lakini wifi alikuwa amekwisha kumlaumu. Mwalimu angesema haidhuru, dada, ulijitahidi. Juu ya hayo wangempa na pole.

Hapo ndipo jambo lilipomchukiza. Si keki, wala si woga. Ilikuwa ile pole. Alijiona anaipokea siku za msiba wa Mwalimu, amekaa kwenye mkeka, watu wanamshika mkono, na yeye peke yake anajua.

Kama ni kukataa, alijiambia, nitakataa kwa mdomo wangu, si kwa tumbo langu.

Alikula nusu ya keki, taratibu, kwa sababu alikuwa ameinunua na ilikuwa tamu. Nusu nyingine alimpa mwanamke aliyekaa karibu naye na mzigo wa nguo. Akatoa daftari, akaandika: keki, nusu, mia na tisini. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu bila kusikia aibu wala fahari.

Jioni alikwenda ukumbini, juu ya duka la rangi. Wifi alikuwa anapanga magodoro ya mazoezi. Mwiko hakukaa.

"Ulisema kweli nusu," alisema. "Nilikuwa nakula. Nilikuwa naonja, na ukoko niliula huku najificha. Naogopa kufa, wifi. Sasa umejua. Nitashuka hadi themanini na sita, halafu nitajibu kwa mdomo wangu kama natoa au sitoi. Mpaka siku hiyo usinisukume."

Wifi alisimama na godoro mikononi kama ameshika mtoto. Usoni mwake yalipita mambo mengi.

"Na nikikusukuma kutembea tu?" aliuliza hatimaye.

"Kutembea sawa."

Kazini mambo yalibadilishwa. Kila sufuria onjo moja, kwa kijiko cha chai, na linaandikwa. Mengine yote yakarudi kwa mtunza stoo, ambaye alianza kujiona mtu mkubwa na kutembea na kijiko chake mfukoni. Mafuta yalipimwa kwa kikombe badala ya kumiminwa kwa jicho. Siku mbili wafanyakazi walinung'unika kwamba mchuzi umepauka. Siku ya tatu Mwiko akazidisha vitunguu na nyanya, wakasahau. Mtaalamu wa lishe alimruhusu robo ya parachichi kwa siku, na Wifi alipoiona imeandikwa daftarini alisema, "Afadhali, kuna mwenye akili pale," na hilo ndilo lilikuwa neno zuri la kwanza kutoka kwake kuhusu mama yule.

Kila alasiri, baada ya masufuria kuoshwa, Wifi alimsubiri kwenye lango la kiwanda, na wakatembea saa moja. Mara nyingi hawakuzungumza. Tisini. Themanini na nane na nusu. Wiki moja ilikataa kabisa, na Wifi alipotaka kusema neno alijiuma mdomo. Themanini na saba. Mwalimu kwa upande wake alikuwa anashuka namna nyingine: sasa alipandishwa ngazi kwa kushikwa, na mikono yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Siku ya mwisho ya wiki ya kumi na nne, wote watatu walikuwa kwenye kliniki. Mwiko hakuvua saa wala kilemba. Alipanda.

"Themanini na tano na nusu," nesi alisema.

Wifi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, sakafuni. Majibu ya damu yalikuwa yamekaa vizuri, lehemu imeshuka. Daktari aliyasoma yote, akafunga faili, na badala ya kupongeza akawaomba Mwalimu na mkewe watoke nje.

Mlango ulipofungwa alisema, "Nauliza mara ya mwisho. Unataka?"

Kupitia kioo cha mlango Mwiko aliona kivuli cha bega la mdogo wake. Alijua neno la kutoroka, lile "hakufaa," lilikuwa bado lipo, hata sasa. Daktari hakumharakisha.

"Naogopa sana," alisema.

"Hilo sikuuliza."

"Najua. Nakuambia kwa sababu sitaki tena kulificha. Naogopa, na nataka. Andika yote mawili."

Daktari akaandika.

Walimpeleka asubuhi, siku sita baadaye. Kitanda kilipofika kwenye milango miwili ya kijani mwili wake wote ulikakamaa, meno yakagongana, na nesi akasimamisha magurudumu. "Turudi?" aliuliza, na alimaanisha. Mwiko alitazama dari. Akavuta pumzi mara moja, mara mbili. Ya tatu ilitetemeka, ya nne ikashuka vizuri.

"Sukuma," alisema.

Aliamka akiwa na kiu na maumivu ubavuni kama ya kisu kilichosahauliwa ndani. Kuumwa, alitambua polepole, maana yake yuko hai. Kisha akasikia viatu vinakimbia kwenye korido, mahali ambapo kukimbia ni marufuku, na Wifi akatokea na gauni la kijani lililofungwa vibaya, kofia imepinda, machozi hadi kidevuni.

"Amekojoa!" alipiga kelele. "Wifi, amekojoa!"

Wadi nzima ikageuka. Mwaka mmoja na nusu Mwalimu alikuwa hajatoa hata kikombe kimoja. Sasa mfuko ulikuwa umejaa, wameubadilisha, na wa pili ulikuwa nusu. Mgonjwa wa kitanda cha tatu, bibi ambaye hakuwajua hata kidogo, alipiga kigelegele. Nesi akaja kufoka, akaambiwa habari, akaishia kupiga makofi.

"Usinichekeshe," Mwiko aliomba, ameshika ubavu. "Wifi, nakuomba, nyuzi zitakatika."

Wifi akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye kiganja chake. Hakusema samahani. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yakitikisika, na Mwiko akamwacha.

Siku ya tatu walimweka kwenye kiti cha magurudumu, wakamsukuma hadi chumba cha mdogo wake. Alimwona akiwa mlangoni, kupitia kioo, na barakoa usoni, kwa sababu hakuruhusiwa kusogea. Rangi ya majivu ilikuwa imeondoka mikononi mwa mdogo wake. Mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Unaumwa?" aliuliza, kwa midomo tu.

"Sana."

"Mimi pia."

Wakatazamana hivyo, wakiumwa, mpaka msukuma kiti aliposema muda umekwisha.